Mwenyekiti Asiyepatikana

Sajini alirudi bila Mwenyekiti.

Aliingia katika chumba walichopewa nyuma ya ukumbi wa Bunge, stoo ya viti vibovu iliyosafishwa nusu, akavua kofia, akajifuta jasho shingoni, kisha akachagua kiti chenye miguu mitatu mizima na mmoja wa kubahatisha. Tangu asubuhi alikuwa kiguu na njia.

"Afande, huyu Mwenyekiti amenishinda."

Mpelelezi alikuwa amekaa dirishani, kikombe cha chai mkononi. Chai ilishaweka utando juu. Alikuwa ameishika tu, kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake.

"Umeuliza wapi?"

"Sema sijauliza wapi. Nimekwenda Kamati ya Bajeti, mwenyekiti wake alikuwa safarini. Nimekwenda Kamati ya Sheria, kuna mama mmoja, ananiuliza kama nina miadi. Nikavuka barabara hadi ofisi ya chama, mwenyekiti wao amelazwa. Kila ninayemuuliza ananiuliza, mwenyekiti wa nini? Nami sijui wa nini. Mwisho mhudumu mmoja akanionea huruma, akanionyesha mlango. Nikagonga, nikaingia. Unajua ni kwa nani?"

"Kwa nani?"

"Kwa Spika. Nikasimama pale nimetoa macho. Ananiuliza, unamtafuta nani? Nasema, Mwenyekiti, mheshimiwa. Ananijibu, ndiye mimi." Sajini akatikisa kichwa. "Nilidhani ananitania. Mtu mzima na joho lake."

Kwa kawaida mpelelezi angecheka. Mwezi uliopita angecheka hadi chai imwagike. Sasa aligeuza kikombe upande wa mkono wa pili.

"Nani alikutuma umtafute Mwenyekiti?"

"Si mashahidi? Wote wimbo mmoja. Mwenyekiti akaita kifungu cha tisa. Mwenyekiti akauliza mtoa marekebisho yuko wapi. Mwenyekiti akasema marekebisho yameanguka. Nikajua hapa kuna mtu mkubwa hatujamhoji."

"Wote?"

"Wote. Yule wa upinzani mwenye kikohozi, yule mama wa viti maalumu, hata waziri." Sajini akafikiri, akajikuna kidevu. "Kasoro Mnadhimu. Yeye alisema Spika. Nikamshukuru Mungu, angalau mmoja anazungumza lugha ya kueleweka."

Mpelelezi aliweka kikombe chini.

Kesi yenyewe ilikuwa imeshafungwa, kwa maneno ya Mkuu wa Upelelezi. Mbunge mmoja, ambaye Bunge zima lilimwita Kifungu kwa jinsi alivyozoea kubishania kila kifungu cha kila muswada mpaka wenzake wasinzie, alikutwa chini ya ngazi za nyuma shingo imevunjika. Chini ya kifua chake palikuwa na glavu nyeupe ya mkono wa kushoto, ina damu. Watu wanaovaa glavu nyeupe ndani ya jengo lile hawakuwa wengi. Mpambe wa Bunge, mzee anayebeba siwa, lile rungu la dhahabu linalotangulia mbele ya Spika, alitambua glavu yake bila ubishi. Asubuhi ya siku hiyohiyo alimzuia Kifungu mlangoni kwa kuja bila tai, Kifungu akamwambia mbele za watu kwamba atamfukuzisha kazi. Na Mnadhimu wa chama tawala, ambaye kazi yake ni kuwachunga wabunge wa chama wapige kura kama walivyokubaliana, alieleza kwamba aliwaona wawili hao wakisukumana juu ya ngazi.

Alasiri ya leo Mpambe angepandishwa kizimbani kwa mauaji. Binti yake alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu walipomchukua baba yake, na kila afande akipita yeye anasimama.

"Twende," mpelelezi alisema.

"Kwa nani tena?"

"Kwa Mwenyekiti."

*

Ukumbi ulikuwa mtupu. Wahudumu walikuwa wakipanga bilauri za maji, na Katibu wa mezani, mwanasheria mwenye miwani ya kamba, alikuwa akipitia ratiba ya siku. Bunge lilikuwa limeahirishwa kwa ajili ya maombolezo. Leo kabla ya mapumziko ya mchana muswada wa uchaguzi, ule uliokuwa ukijadiliwa siku aliyokufa Kifungu, ungesomwa mara ya tatu, upigiwe kura ya mwisho.

"Dada, pole na msiba," Katibu alisema. "Nimesikia umemzika dada yako."

"Nimeshapoa. Nieleze huyu Mwenyekiti ni nani, kama unavyomweleza mtoto."

Katibu akatabasamu, akakitazama kiti kirefu cha Spika kilichokuwa juu ya jukwaa kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Muswada ukiletwa mara ya kwanza unasomwa jina tu, basi, unapelekwa kwenye kamati. Mara ya pili ndiyo mnajadili: huu muswada una maana au hauna. Mkishakubali una maana, Bunge zima linajigeuza kuwa kamati ili lipitie kifungu kimoja kimoja. Watu ni walewale, ukumbi ni uleule. Lakini Spika anashuka pale juu, anakuja kukaa hapa, pembeni yangu. Siwa inatolewa juu ya meza, inashushwa kwenye vile vyuma vya chini, unaviona? Tangu hapo humu ndani hakuna Spika. Kuna Mwenyekiti. Mbunge mpya akijisahau akasema Mheshimiwa Spika, wenzake wanamzomea mpaka anakaa."

"Kifungu cha tisa kiliitwa wakati gani?"

"Kwenye kamati. Tulikuwa tumekaa kama kamati muda mrefu tu. Mchana ule waziri alihitimisha mjadala kwa maneno mafupi, kamati ikaanza mapema, hata sisi wa mezani tulishangaa."

"Kinasema nini hicho kifungu?"

"Matokeo ya uchaguzi wa wabunge. Kama kilivyoandikwa, matokeo ya kila kituo yanapelekwa makao makuu, huko yanahakikiwa na yanaweza kurekebishwa. Marehemu alitaka yakishabandikwa mlangoni mwa kituo yawe ya mwisho. Hakuna wa kuyagusa."

"Angepata kura?"

Katibu akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake. "Mimi ni mtumishi wa meza, dada, sina upande. Ila watu walikuwa wananong'ona kwamba angepata. Hata wa chama tawala. Kila mtu ana jimbo lake, kila mtu anaogopa kurekebishwa."

"Lakini hakuwepo."

"Hakuwepo. Mtoa marekebisho akiitwa naye hayupo ukumbini, marekebisho yanaanguka palepale."

Mpelelezi akainama, akaviangalia vile vyuma chini ya meza. Vilifunikwa kitambaa cha kijani ili visichubue dhahabu.

"Siku ile Mpambe alipoishusha siwa, ulikuwa hapa?"

"Karibu inigonge goti." Katibu akasita. "Na nilikasirika, nikuambie ukweli. Alikuja mkono mmoja una glavu, mwingine mtupu. Siwa haishikwi hivyo. Nikasema nitamwandikia onyo, halafu yakatokea yaliyotokea, nikaona aibu kumwandikia onyo mtu aliyeko mahabusu."

"Mkono upi ulikuwa mtupu?"

Katibu akanyoosha mikono yake mwenyewe mbele, kama amebeba kitu kirefu, akaitazama mmoja baada ya mwingine.

"Wa kushoto," alisema. Na sauti yake ikashuka.

*

Mahabusu palikuwa na harufu ya dawa ya sakafu. Mzee alikuwa ameketi wima kwenye kona, mgongo haujagusa ukuta, kama ambaye zamu yake haijaisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile glavu ilipotea lini?"

Mzee akamtazama. Midomo ilikuwa imekauka.

"Ndiyo unaniuliza leo."

"Ndiyo nakuuliza leo."

"Mimi mikono yangu ina jasho. Nikishaiweka siwa mezani, navua glavu, naziacha dirishani, nje ya mlango, zipate hewa. Halafu narudi kukaa kiti changu ndani, mbele ya kila mtu. Spika akiwa kitini mimi sitoki, hata nibanwe na haja. Siku ile aliponipa ishara kwamba tunaingia kwenye kamati, nikaenda dirishani, nikakuta moja. Nikadhani ni utani wa waheshimiwa. Wana utani wao. Nikaishusha hivyohivyo." Akaitazama mikono yake. "Nilijisikia kama nimevuliwa nguo."

"Halafu?"

"Kwenye kamati nasimama nje ya mlango. Hapo ndipo mnaponishikia, kwamba hakuna aliyeniona. Kweli, hakuna."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini nisichoulizwa? Mlikuja na glavu kwenye mfuko wa plastiki. Mkaniuliza, ni yako? Ni yangu. Nikasema ndiyo. Mkafunga mlango."

Sajini aliangalia viatu vyake. Yeye ndiye aliyeuliza, na yeye ndiye aliyefunga mlango.

Nje, binti alisimama walipopita. Mpelelezi alimwashiria akae.

Garini Sajini aliendesha hadi kwenye taa za barabarani, ndipo akasema, "Glavu iliibwa Spika akiwa bado juu kitini. Na Spika akiwa kitini, mzee yuko ndani, watu wote wanamwona."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo aliyeichukua alikuwa nje ya ukumbi wakati ule."

"Na hakurudi mapema."

"Hilo umelijuaje, afande?"

"Wewe ndiye uliyeniambia. Taa imewaka kijani."

*

Mnadhimu aliwapokea kwa mikono miwili. Ofisi yake ilikuwa na zulia zito, picha za mabunge yaliyopita ukutani, yeye akiwemo katika zote, kila picha nywele zikipungua na tabasamu likibaki lilelile. Juu ya mlango kulikuwa na kengele ndogo ya kuwaita wabunge.

"Dada yangu, pole sana na msiba. Dada wa kuzaliwa tumbo moja, hilo si jambo dogo."

"Nimeshapoa, Mheshimiwa. Nina swali moja, kisha nakuacha."

"Hata kumi. Ila leo tuna kura, kengele ikilia nitakukimbia. Watu wangu nisipowahesabu mlangoni wanayeyuka kama barafu."

Sajini akacheka kidogo, kwa adabu. Mpelelezi akakaa bila kukaribishwa.

"Nisimulie tena ulivyowaona. Polepole tu. Nataka nione ukumbi kama ulivyouona wewe."

"Kama nilivyoeleza. Nilitoka kupokea simu. Kule juu ya ngazi nikawaona, marehemu na Mpambe, wameshikana makoti. Nikasema, watu wazima, watamalizana. Nikarudi ndani. Nikainama kwa Spika, nikakaa sehemu yangu. Sijakaa vizuri, kifungu cha tisa kikaitwa."

"Uliinama?"

"Lazima. Ukiingia unainama, huo ni ustaarabu wa Bunge."

"Spika alikuwa amekaa wapi?"

"Kitini kwake, dada yangu, akae wapi tena? Kitini, juu pale." Akainua mkono kuonyesha kimo. "Utadhani hujawahi kuona Bunge hata kwenye televisheni."

"Nimezoea kuona wezi. Na siwa?"

"Mezani, mahali pake, inang'aa. Halafu Spika akamwita mtoa marekebisho. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akasema marekebisho yameanguka. Nilisikitika, kwa kweli. Tulikuwa tukibishana, lakini nilimheshimu."

Alisimulia vizuri. Kila kitu kilikuwa mahali pake: joho, kiti kirefu, dhahabu, kimya. Ulikuwa ukumbi aliouona maelfu ya mara, anaoweza kuusimulia usingizini.

"Sajini wangu hapa," mpelelezi alisema, "ameshinda akimtafuta Mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani?"

"Ndivyo kila mtu alivyomuuliza. Amezunguka kama pia. Maana wabunge wote tuliowahoji wanasema kifungu cha tisa kiliitwa na Mwenyekiti. Wengine hata hawajui kwamba wamesema hivyo. Limewatoka tu, kwa sababu ndicho walichokiona."

Mnadhimu alikuwa bado na tabasamu. Lilibaki usoni baada ya yeye mwenyewe kuondoka, kama taa iliyosahaulika kuzimwa.

"Kile kiti cha juu kilikuwa kitupu, Mheshimiwa," mpelelezi aliendelea kwa sauti ileile. "Siwa ilikuwa chini ya meza. Wewe hukurudi ndani. Ulitoka Bunge likiwa Bunge, na hukujua limeshakuwa kamati. Kwamba marekebisho yameanguka, ulisikia kwa wenzako. Mengine umeyajazia kwa mazoea."

Mnadhimu aliivuta kalamu iliyokuwa mezani, akailaza sambamba na ukingo wa meza, akaisogeza tena kidogo.

"Wabunge wapya," alisema hatimaye, "mimi ndiye ninayewafundisha hilo. Wiki ya kwanza kabisa. Nawaambia, mkiingia msikimbilie kusema, angalieni kwanza siwa iko wapi."

Mnadhimu akaiacha kalamu.

"Nilimwomba ayaondoe marekebisho tu. Nilimwambia, nimeshahesabu, utanishinda, na nikishindwa mimi wanaotaka kifungu kile hawatanisamehe. Akaniambia niende nikahesabu upya. Akanipa mgongo. Nikamvuta koti ageuke, akajinasua kwa nguvu, na ngazi zilikuwa palepale." Akaitazama kengele juu ya mlango. "Hilo la kwanza lingeitwa ajali, sivyo?"

"Labda. La pili lina glavu."

"Nilishuka kumtazama, nikapanda kutafuta msaada. Nakuapia nilipanda kutafuta msaada. Nikaiona dirishani. Asubuhi ile walikuwa wamegombana, kila mtu alisikia."

"Ukashuka nayo."

"Nikashuka nayo."

Kengele juu ya mlango ikalia. Mnadhimu akasimama palepale, akafunga kifungo cha koti, akapapasa mfuko kutafuta kalamu. Alikuwa amepiga hatua moja kuelekea mlangoni kabla ya kumwona Sajini amesimama hapo, pingu mkononi.

"Nani atawahesabu?" aliuliza.

Walimpitisha korido ya nyuma ya ukumbi. Hapakuwa na njia nyingine. Kupitia ukutani ilisikika sauti ya Spika, safari hii Spika kweli, ikiwauliza wanaoafiki. Ndiyo ikaja, nzito, ndefu, ya midomo mingi. Midomo ya Mnadhimu ilicheza. Kisha wakaulizwa wasioafiki, na siyo yao ikapita haraka kama mtu anayeomba njia.

"Waliosema ndiyo wameshinda," sauti ilisema ndani.

Katibu aliwakuta mlangoni alipotoka na majalada yake. Akamwona Mnadhimu, akaona pingu, akajibana ukutani kuwapisha. Mpelelezi alibaki nyuma.

"Kifungu cha tisa?"

"Kimepita. Muswada wote umepita. Unakwenda kusainiwa."

"Mtoa marekebisho aliuawa ili asiwepo."

"Nimeelewa sasa hivi." Katibu aliyakumbatia majalada kifuani. "Lakini kanuni inasema akiwa hayupo. Haisemi kwa nini hayupo. Labda mtu mwingine alete muswada mwingine, uanze mwanzo. Usomwe jina, uende kamati..."

"Sawa," mpelelezi alisema.

*

Kituoni Mpambe alirudishiwa mkanda, saa, kitambulisho na glavu ya mkono wa kulia. Aliipokea, akatazama kaunta kama kuna kingine kinakuja.

"Ile nyingine inabaki, mzee," Sajini alisema. Hakumtazama usoni. "Ni kielelezo cha mahakama. Utusamehe."

"Hamna neno. Huwa nanunua mwenyewe."

Binti yake alikuwa amelishika begi la baba yake kwa mikono yote miwili, kama mtu asiyeamini kwamba benchi limemwachia. Mzee aliikunja glavu moja mara mbili, akaitia mfukoni, kisha akarudi hadi mahali mpelelezi aliposimama.

"Mwanangu, binti ameniambia una msiba. Sikujua kule ndani. Pole sana."

"Nimeshapoa, baba."

Mzee akampa mkono, ule wa kushoto, akaufunika kwa wa kulia. Viganja vyake vilikuwa na jasho, vya moto, kama alivyosema. Aliushika mkono wa mpelelezi, uliokuwa baridi, kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi, kichwa ameinamisha kidogo, akipima uzito wake.

"Naam," mzee alisema. "Umepoa kweli."